Faili la Kanuni Lavuka Horohoro

Tanzania nimeizunguka kwa basi tangu nikiwa mwanafunzi, lakini Mombasa nilikuwa sijaikanyaga. Niliijua kwa taarab, kwa masimulizi ya shangazi aliyewahi kuishi Likoni, na siku za karibuni niliijua kwa msimbo. Ofisi yetu ya Dar es Salaam na ofisi moja ya kule zilikuwa zimekabidhiwa kazi moja: tovuti ya kukata tiketi za mabasi ya pwani, abiria apande Dar ashuke Tanga, Ukunda au Malindi. Wenzetu walishika viti na malipo, sisi ratiba na tiketi. Mchana tulitumiana msimbo, jioni tulitumiana lawama.

Lawama zilianzia mahali padogo. Mtu wa Dar anafungua faili lililoandikwa Mombasa ili arekebishe mstari mmoja. Kihariri chake, bila kuulizwa, kinalipanga faili zima kwa desturi ya Dar: nafasi mbili za mwanzo wa mstari zinakuwa nne, na kila mstari unatiwa nukta-mkato mwishoni. Faili linarudi Mombasa likionyesha kwamba mistari mia kadhaa imebadilika. Anayepaswa kulikagua analitafuta badiliko lenyewe, halioni, anachoka, anabonyeza kitufe cha kukubali. Kesho yake mwenzake analipanga tena kwa desturi ya Mombasa. Mtu akiniuliza hitilafu za tovuti ile zilikuwa zikipita wapi, namwonyesha hapo.

Tulijaribu kupatana kwa barua pepe. Tukajaribu kwa mikutano ya video ambayo nusu yake ilikuwa "mnanisikia?" Mwisho mkuu wetu akaniita. "Chukua basi," akasema. "Kakae nao, mtoke na kanuni moja, na mashine ndiyo iisimamie, siyo mtu."

Basi liliondoka kituo cha Magufuli, Mbezi, alfajiri. Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mama wa makamo anayekwenda Ukunda kwenye harusi ya mpwa wake, na mkoba wake wa vitenge ulichukua nafasi ya miguu yangu hadi mwisho wa safari. Chalinze tulipita bila kusimama sana. Segera barabara inagawanyika: wa Moshi na Arusha wanashika kushoto, sisi wa Tanga tukapinda kulia, na tulipofika Muheza machungwa yakaingia dirishani kabla basi halijatulia. Mama alinunua mfuko, akanimenyea moja, ndipo akauliza.

"Mwanangu, wewe kazi yako nini?"

Nikamweleza kwamba tunaandika maelekezo ambayo kompyuta inayafuata, na kwamba wenzetu wa Mombasa wanayaandika kwa namna yao na sisi kwa yetu, sasa nakwenda tupatane.

"Kwani hiyo kompyuta haielewi mojawapo?"

"Inaelewa zote mbili, mama."

"Sasa mnagombania nini?"

Sikuwa na jibu zuri, na swali lile lilinikaa kupita mashamba ya mkonge mpaka Tanga mjini. Alikuwa amegusa penyewe. Kompyuta haijali nafasi mbili wala nne. Lugha tunayotumia, JavaScript, aliiandaa Brendan Eich mwaka 1995 akiwa kampuni ya Netscape, toleo la kwanza kwa siku kumi, na aliifanya iwe na huruma: ukisahau nukta-mkato, inakuwekea; ukilinganisha neno na namba, inakugeuzia kimoja kifanane na kingine. Huruma hiyo ndiyo inayotuponza, kwa sababu kosa ambalo lugha nyingine ingelikataa papo hapo, hii inalipokea na kuendelea nalo kimya kimya mpaka kwa mteja.

Ndiyo maana zikaandikwa programu za kuusoma msimbo kabla haujaendeshwa, ambazo sisi kazini tunaziita linta. Ya kwanza iliandikwa na Stephen C. Johnson wa Bell Labs mwaka 1978, kwa ajili ya lugha ya C. JavaScript ilipata yake mwaka 2002, JSLint ya Douglas Crockford, na hapo ndipo penye funzo kwa yeyote anayebeba kanuni begani kuwapelekea wenzake. JSLint ilikuwa mawazo ya mtu mmoja. Crockford alikuwa na sababu nzuri kwa mengi aliyoyakataza, lakini usipokubaliana naye huna pa kwenda. Mwaka 2011 Anton Kovalyov akajitenga na kuanzisha JSHint iliyolegea kidogo, na mwaka 2013 Nicholas C. Zakas akatoa ESLint, ambayo kila kanuni yake inaweza kuwashwa, kuzimwa au kuandikwa upya na mwenye timu. Hii ya mwisho ndiyo iliyoshinda, na ndiyo niliyokuwa nayo kwenye laptopu juu ya magoti, na faili la kanuni tulizopitisha sisi wa Dar peke yetu.

Mpaka wa Horohoro haukuchukua muda. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja. Ukigongewa muhuri wa kutoka unasogea hatua chache kugongewa wa kuingia. Vijana wa kubadilisha fedha walikuwa wengi kuliko abiria. Baada ya Lunga Lunga tukaipita miwa ya Ramisi, mama akashuka Ukunda na vitenge vyake, akaniachia machungwa yaliyobaki, na jioni tukawa kwenye foleni ya feri ya Likoni. Nilikuwa nimeonywa kuhusu msongamano. Hakuna aliyeniambia kwamba utapendeza: baiskeli, mikokoteni ya madafu, watoto wa shule, magari, wote wanateremka kwenye mteremko mmoja, na meli za mizigo zinakatiza mbele yenu kuelekea Kilindini. Nilivuka nikiwa nimesimama, na sikutaka ifike upesi.

Ofisi ya wenzetu iko Tudor, ghorofa ya juu, na kazi haikuanza mpaka mahamri na mbaazi yalipokwisha. Kiongozi wa timu, bwana mwenye ndevu zilizoanza mvi na sauti ya taratibu, alinionyesha kiti. "Haya ndugu yangu, tuonyeshe hiyo sheria yenu."

Nikaifungua linta kwenye kompyuta ya binti mmoja aliyeandika sehemu kubwa ya malipo. Skrini ikawa nyekundu yote. Kila mstari wa kila faili ulikuwa na kosa lilelile: "Delete ␍". Chumba kizima kikacheka.

"Bwana, hii yako yasema kila tulichoandika tangu tuanze ni kosa," akasema kiongozi. "Na pesa zaingia kila siku."

Sababu ilikuwa mfumo wa kompyuta, wala si uandishi wao. Windows humaliza mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux na Mac humaliza kwa moja. Mombasa karibu wote walikuwa na Windows, Dar tulikuwa mchanganyiko. Tiba ni mstari mmoja ndani ya faili liitwalo .gitattributes, unaoiambia Git, programu inayotunza matoleo ya msimbo, itoe mafaili yote kwa umaliziaji mmoja, yeyote awe na kompyuta gani. Binti akauandika, akaendesha tena, wekundu ukapungua mpaka ukasomeka. Lakini kicheko kile kilinisaidia kuliko hotuba niliyokuwa nimeiandaa. Faili la Dar likafungwa, tukaanza upya kwenye ubao mweupe.

Tuliyagawa mambo mafungu mawili: ya sura na ya madhara. Ya sura ni nafasi, urefu wa mstari, alama za kunukuu, mabano yafunguke wapi. Haya hayamhusu mteja kabisa, na nafikiri ni upotevu wa akili za watu wazima kuyajadili kwa zaidi ya kikombe kimoja cha kahawa. Tangu Januari 2017 ipo Prettier, aliyoitoa James Long, ambayo inalivunja faili lote na kuliandika upya kwa mtindo mmoja, na imenyimwa makusudi vitufe vingi vya kuchagua. ESLint wenyewe mwaka 2023 walitangaza kwamba kanuni zao za mpangilio wanaziacha, kazi hiyo wawaachie wengine. Kwa hiyo tukakubaliana haraka: sura ni ya Prettier, na hakuna mtu atakayemwandikia mwenzake maoni kuhusu nafasi tena.

Ila nukta-mkato. Hapo urafiki ulipimwa. Dar tunaziweka, Mombasa walikuwa hawaziweki, na kila upande ulikuwa na mifano yake ya maafa. Wao walisema zinachafua ukurasa. Sisi tukatoa mfano wa mtu anayeandika "return" peke yake, kisha anashusha kinachorudishwa kwenye mstari wa pili: JavaScript inatia nukta-mkato baada ya "return", na fanksheni inarudisha hewa. Mmoja wao akatujibu, na alikuwa na haki, kwamba hata ukiziweka zako zote, hiyo itakutokea vilevile. Ukweli ni kwamba mitindo yote miwili ni salama mradi mashine ndiyo inayoisimamia. Tukaamua shilingi iamue. Ikatoka sarafu ya shilingi kumi, zile za mwaka 2018 zenye simba. Upande wa pili una nembo ya taifa, na nembo nayo ina simba wawili, kwa hiyo tukaanza kubishana "simba" ni upande gani. Mwisho nukta-mkato zikabaki, na nafasi mbili za Mombasa zikapita bila kura.

Fungu la madhara ndilo lililotuweka ofisini mpaka adhana ya magharibi. Hapo tulijiwekea sharti: anayependekeza kanuni aonyeshe, ndani ya msimbo wetu wenyewe, mahali ambapo kukosekana kwake kungemuumiza abiria. Asipoonyesha, kanuni haiingii. Orodha niliyotoka nayo Dar ilipungua zaidi ya nusu kwa sharti hilo.

Binti wa malipo ndiye aliyeleta ushahidi wa kwanza, kutoka faili lake mwenyewe. Mstari ulisema "if (viti == 0)", na chini yake ujumbe "Basi limejaa". Ukiusoma upesi huna la kusema. Lakini alama mbili za sawasawa katika JavaScript hazilinganishi vitu kama vilivyo. Kwanza hugeuza kimoja kifanane na cha pili. Maandishi matupu hugeuzwa kuwa sifuri. Mtandao ukiwa mzito na idadi ya viti haijafika kutoka kwenye seva, thamani inakuwa tupu, tupu inahesabiwa sifuri, na abiria anaambiwa basi limejaa wakati nusu ya viti iko wazi. Anafunga simu, anakwenda kwa wakala wa pembeni. Hakuna hitilafu iliyoandikwa popote, kwa sababu kompyuta haikukosea. Kanuni ya kuzuia hilo inaitwa eqeqeq, inalazimisha alama tatu ambazo hazigeuzi kitu, na ilipita kwa mikono yote juu.

Nyingine zilifuata kwa mtindo huo. Kigeu kilichotangazwa lakini hakitumiki kilitufikisha kwenye punguzo la nauli ya watoto ambalo lilikokotolewa vizuri kabisa kisha likasahaulika kutolewa. Kanuni ya kukataza picha isiyo na maelezo ya maandishi ilipita kwa sababu wapo abiria wasioona wanaosomewa kurasa na simu zao.

Mapingamizi mawili yalinikuta, na yote yalikuwa ya haki. La kwanza lilitoka kwa mzee wa timu, mtu aliyeandika mfumo wa viti tangu mwanzo. Akasema mkiyapanga upya mafaili yote siku moja, Git itaandika jina la aliyeyapanga kwenye kila mstari, na kesho mtu akitaka kujua nani aliandika hesabu hii na kwa nini, atampata kijana aliyebonyeza kitufe. "Kazi yangu yote yafutwa jina." Hilo lina dawa tangu toleo la 2.23 la Git, Agosti 2019: badiliko la kupanga linafanywa peke yake, bila kuchanganywa na kazi nyingine yoyote, kisha namba yake inaandikwa kwenye faili la mabadiliko ya kurukwa. Git inapotafuta mwandishi, inalipita hilo na kwenda nyuma yake. Tulimfanyia jaribio palepale, jina lake likarudi kwenye mistari yake, akaitikia kwa kichwa na kuagiza kahawa.

La pili lilikuwa la usalama. Kanuni hizi na viungo vyake vinapakuliwa kutoka ghala la npm, vingine vikiwa vimeandikwa na watu tusiowajua. Tarehe 12 Julai 2018 mtu aliingia kwenye akaunti ya mmoja wa watunzaji wa ESLint, akapandisha toleo bovu la kifurushi cha eslint-scope, namba 3.7.2, lililokuwa likiiba funguo za npm kutoka kwenye kompyuta za waliolipakua. Nenosiri lilikuwa limetumika sehemu zaidi ya moja. Kwa hiyo kanuni zetu tuliziweka kwenye kifurushi kimoja cha binafsi, matoleo ya kila kitu yakafungwa kwa namba kamili, na kupandisha toleo ni kazi inayokaguliwa na mtu mmoja kutoka kila upande. Kifurushi hicho ndicho moyo wa mpango mzima. Kila mradi unakiita, hakuna mradi wenye nakala yake. Mombasa walikuwa bado kwenye ESLint 8, ambayo iliacha kuhudumiwa Oktoba 2024, wakahamia 9 pamoja nasi.

Usimamizi nao haukuwa na ubishi mwingi. Kihariri kinaonyesha kosa unapoandika, ukaguzi wa pili unafanyika unapohifadhi kazi kwenye Git, na wa tatu kwenye seva kabla msimbo haujaunganishwa. Ule wa pili unarukika kwa neno moja kwenye terminali, na kila mtu mwenye haraka analijua, kwa hiyo hukumu halisi ni ya seva. Maonyo tuliyafuta. ESLint inaruhusu kanuni iwe onyo badala ya kosa, lakini onyo halizuii kitu, na baada ya wiki mbili yanakuwa mia tatu na hakuna anayeyasoma. Ama kanuni ni kosa, ama haipo. Makosa ya zamani yaliorodheshwa kwenye faili la kando, jambo ambalo ESLint inalifanya yenyewe tangu 2025, ili msimbo mpya ubanwe mara moja na wa zamani usafishwe kila unapoguswa.

Halafu likaja suala la saa, ambalo hakuna linta ya kupakua inayolijua.

Abiria mmoja alikuwa amekata tiketi ya Tanga iliyoandikwa "Saa 6:00". Basi liliondoka alfajiri, yeye akafika adhuhuri na mabegi. Dar tulikuwa tunaonyesha saa kwa hesabu yetu, jua likichomoza ni saa kumi na mbili. Mombasa walikuwa wanaandika kama inavyochapwa kwenye tiketi nyingi za Kenya, ile ya saa 24. Fanksheni iliyotumika pande zote ilikuwa moja, getHours, na ilitoa jibu sahihi kila mara. Tofauti ilikuwa ni nani kaigeuza na nani hakuigeuza kabla ya kuichapa. Mara kadhaa iligeuzwa mara mbili.

Kiongozi mwenye ndevu ndiye aliyesema, "Basi tuikataze." ESLint ina kanuni ya jumla ya kukataza jina lolote unalotaka, na inakuruhusu uandike mwenyewe maneno yatakayotokea mtu akilitumia. Tukaandika fanksheni moja ya kuonyesha saa, ambayo inachapa zote mbili pamoja na neno alfajiri, asubuhi, mchana au usiku. Kisha tukakataza getHours kila mahali pengine. Ujumbe ukaandikwa na binti wa malipo, kwa Kiswahili: "Usichape saa mwenyewe. Tumia saaYaTiketi, abiria asiachwe na basi."

Nilirudi Dar na kifurushi kinafanya kazi pande zote. Kanuni nyingine zimeshaombewa kuzimwa hapa na pale na mtu mwenye haraka, na mbili tuliziondoa baada ya kuona hazina faida. Ya saa hakuna aliyeomba iguswe. Nanyi mnaotaka kuunganisha timu mbili, msianze na nafasi wala nukta-mkato; tafuteni kwanza abiria wenu aliyeachwa na basi, muandike kanuni yake pamoja, mkiwa chumba kimoja.